Sheria Aliyokufa Nayo Baba

Kwetu, jioni ya mkesha wa Krismasi, meza huandaliwa sahani moja zaidi ya watu waliopo. Wengine husema ni ya mgeni atakayebisha hodi, ingawa tangu nizaliwe sijamwona mgeni huyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na maelezo yake: sahani ni ya marehemu wa nyumba ile, na ndiyo maana kila mtu lazima apulize kiti chake kabla ya kukaa, asije akamkalia mtu. Asubuhi yake sahani huoshwa, na kiti kile kitupu hupulizwa mara ya mwisho, ili aliyekuja ajue karamu imekwisha. Tulikuwa tunapuliza huku tunacheka. Baba alipuliza kwa nguvu kuliko wote, halafu akamwambia mtu asiyeonekana, "Samahani mzee, sogea kidogo."

Mwaka ule Baba alikuwa amekufa tangu Aprili. Meza yetu ilikuwa na sahani tatu, ya Mama, yangu, na hiyo ya ziada. Tulikula supu ya bitiruti na pierogi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa uyoga, bila maneno mengi. Asubuhi ya Krismasi Mama aliinyanyua ile sahani aipeleke kwenye sinki, nikamwambia aiache.

"Niiache mpaka lini?" aliuliza.

"Iache tu, Mama."

Akairudisha mezani. Kiti hatukukipuliza. Mtu wa mahali pengine angeona ni uzembe wa kuosha vyombo. Sisi tuliolelewa katika mji wetu wa Lublin na bibi zetu tulijua tumefanya nini, wala hatukulizungumza.

Baba aliitwa Dokta Wincenty Sarnecki, na kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha Sheria ya Fedha katika kitivo kilekile nilichosoma mimi. Lilikuwa somo lililoogopwa kuliko yote. Jinai lina damu na visu, hata mvivu atasoma ajue mwisho wake. Sheria ya Fedha ina bajeti, mifuko, ruzuku na kodi, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wanaliita shimo. Baba moyo ulimsimama kwenye ngazi za kitivo, mkoba ukiwa mkononi. Mtihani wa Juni sikwenda. Dekani, mkuu wa kitivo, alinionea huruma, akanipa nafasi moja tu, kipindi cha mitihani cha majira ya baridi, na barua yake ilikuwa na adabu nyingi lakini ilieleweka: nikianguka, jina langu linafutwa kwenye orodha ya wanafunzi.

Watu walinipa pole mpaka nikalichukia neno lenyewe. Nilichokuwa nakihitaji ni mtu wa kunieleza tofauti ya taasisi ya bajeti na mfuko maalum wa serikali, na mtu huyo alikuwa amelala makaburi ya Mtaa wa Lipowa, dakika chache tu kutoka darasani kwake.

Januari ile ilikuwa na theluji ya kutia kichaa. Mama alikuwa mfamasia, anarudi saa kumi na mbili jioni. Mimi nilikuwa nasoma jikoni, maana ndiyo sehemu yenye joto, na sahani ya ziada nilikuwa nimeihamishia pale, mbele ya kiti cha dirishani. Alasiri moja, giza linaingia, nilikuwa narudia aya moja ya kitabu cha Sheria ya Fedha alichokiandika Baba kwa mara sijui ya ngapi. Nilikuwa naisoma kwa sauti, labda sauti itanisaidia kuelewa.

"Unasoma kama mtu anayemeza dawa," Baba akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, na sweta lake la kahawia lenye viwiko vilivyoshonewa viraka. Sikupiga kelele. Katika kioo cha dirisha nyuma yake nilijiona mimi, taa na kabati. Yeye hakuwemo. Sahani iliyokuwa mbele yake ilikuwa imefunikwa na ukungu wa baridi, kana kwamba mtu ametoka kuileta kutoka nje.

Aliitazama glasi yangu ya chai. "Chai hii haina limau."

"Yamekwisha," nikasema. Jibu lilitoka lenyewe, kama ungemjibu mtu aliye hai.

"Haya. Funga kitabu. Mfuko maalum wa serikali ni nini?"

Nilijibu, vibaya. Akacheka. Akaanza kunifundisha.

Sijui nieleze vipi. Mambo ambayo kwa miezi yalikuwa yanapita kichwani mwangu bila kusimama, sasa yalikaa. "Bajeti ni sufuria moja kubwa," alisema. "Kila kodi inamwagwa humo, na ikishaingia huwezi kusema hii ilitoka kwa muuza viatu na hii kwa muuza bia. Mfuko maalum ni kibakuli kilichowekwa pembeni. Pesa hizi ni za jambo hili, basi. Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa, kibakuli hicho ni mtu wa kisheria? Kinaweza kuwa na mali yake, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake?"

"Ndiyo?"

"Wewe nawe. Inategemea. Mfuko mwingine umepewa hadhi hiyo, mwingine ni akaunti tu ya benki. Inategemea sheria iliyouanzisha. Sema."

"Inategemea."

"Hapo sasa umekuwa mwanasheria."

Niliposikia funguo za Mama mlangoni niligeuka, na niliporudisha macho kiti kilikuwa kitupu.

Akawa anakuja kila alasiri. Kila siku alianza na jambo lilelile, anaitazama glasi, anasema chai haina limau, mimi nasema yamekwisha, halafu tunaingia kazini. Hakuuliza siku hizi tunaishije. Hakuuliza nani anasukuma theluji mlangoni. Nilikuwa nangoja amuulizie Mama, hata mara moja tu, na iliniuma kwamba hamuulizii. Nilijiambia pengine wafu hubaki na kitu kimoja tu, na yeye amebaki na Sheria ya Fedha. Mimi sikumuuliza anatoka wapi. Niliogopa kwamba nikiuliza atakumbuka.

Mara mbili, baada ya yeye kuondoka, nilikuta theluji iliyoyeyuka ukumbini, vidimbwi viwili vidogo nyuma ya mlango wa jikoni. Nikajua ni viatu vyake. Nilivipangusa kabla Mama hajaviona, nikiogopa, na wakati huohuo nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Aprili.

Aliyeniharibia ni Zyta Pakuła. Zyta alikuwa rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, binti wa fundi bomba kutoka Zamość, mwenye mdomo ambao ungemtoa jogoo juu ya uzio. Naye alikuwa na mtihani uleule, kwa sababu zake mwenyewe ambazo zilihusu zaidi mpiga ngoma mmoja kuliko kifo cha mtu. Alinikuta maktabani na kitabu cha Baba.

"Wewe mtoto wa Sarnecki, unasoma toleo la mwaka gani?"

"La mwisho."

"La mwisho la yeye. Ngoja nione." Akafungua ukurasa wa mbele, pale wanapoandika sheria iliyomo ni ya tarehe ngapi. "Shoga, hiyo sheria imeshazikwa. Bunge lilipitisha mpya Agosti, imeanza kufanya kazi mwaka mpya. Unajua hilo au hujui?"

"Najua."

"Unajua, na unasoma maiti?" Akaona uso wangu. "Samahani. Mdomo wangu huu. Lakini Bogna, Kotlarz hataki historia. Kotlarz atakutafuna na viatu vyako."

Dokta Kotlarz ndiye aliyechukua darasa la Baba. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, na watu walisema ana ukali wa Baba bila utani wake.

Zyta alinipa kijitabu chembamba cha sheria mpya. "Nenda kajifunze. Usiponirudishia nakuja kukung'oa nywele."

Nilikwenda nacho nyumbani nikakiweka mezani. Baba alipokuja alisema la limau. Alikuwa anatazama pale kijitabu kilipolala.

"Hapo pana nini?"

"Ni sheria mpya, Baba. Nilitaka tuisome pamoja."

"Unasemaje?"

Nikarudia. Nikakifungua, nikaanza kusoma kifungu kwa sauti. Baba alisogeza kichwa mbele, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Ongea kwa sauti, Bogna. Naona midomo tu."

Nikapaza sauti. Uso wake ulianza kupungua rangi, na macho yake yakahangaika kunitafuta, kama mzee aliyeteremshwa kituo ambacho si chake na gari limeondoka. "Bogna? Mbona umezima taa?" Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Nikakifunga kile kijitabu, nikakitupa chini ya meza, nikakikanyaga.

"Ah," akasema, akavuta pumzi ambayo sikuisikia. "Hapo sawa. Tulikuwa wapi?"

Nililia usiku ule mpaka mto ukalowa. Nilikuwa nimeelewa, na hilo lilikuwa baya kuliko kumwogopa. Baba alikuwa na sheria aliyokufa nayo. Yote, neno kwa neno, na ndani yake alikuwa hai. Kila kifungu kipya kilichoingia kichwani mwangu kilikuwa kinamzimia taa.

Basi nikaamua kutokisoma. Nilimrudishia Zyta kijitabu chake, nikamwambia nimemaliza. Zyta si mjinga. Kila mchana, kwenye mkahawa wa chuo, alinikamata nikiwa na bakuli la supu, akakaa mbele yangu na kunisomea.

"Zyta, nakula."

"Kula. Masikio hayali."

Alisoma kama padri mwenye haraka. Taasisi saidizi zinavunjwa. Mpango wa fedha wa miaka mingi unaanzishwa. Mifuko yote maalum ya serikali inabaki akaunti tu. Nilijaribu kufikiria mambo mengine, nikashindwa, maana sauti yake ilikuwa inapenya hata kwenye tambi. Na alasiri, nyumbani, maneno ya Baba yakawa yanakatikakatika. Alikuwa anaanza mada ya taasisi saidizi, aliyokuwa akiipenda, anasimama katikati ya sentensi na kutazama mikono yake. "Nilikuwa nasema nini?" Mimi nilikuwa namwambia hakuna, tuendelee na mifuko. Mada ya mifuko ilikuwa bado nzima, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nimeziba masikio kwa nguvu zangu zote.

Siku moja katika siku zile za mwisho, alisema kitu alichokuwa akiwaambia wanafunzi wake wote, darasa la kwanza la kila mwaka. "Kabla hujafungua mdomo, angalia tarehe. Jiulize, hii bado inafanya kazi? Mtu anayenitajia sheria iliyofutwa, hata aitaje kwa ufasaha namna gani, namtoa nje. Sitaki kujua ni mtoto wa nani."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema, akacheka.

Mtihani ulikuwa asubuhi ya Jumanne, baridi ya kupasua midomo. Kwetu Sheria ya Fedha hujibiwa kwa mdomo, wanne wanne, wamevaa nyeusi na nyeupe, viti vinne mbele ya meza ya mwalimu. Swali likimshinda wa kwanza linahamia kwa wa pili, na kadhalika, mpaka mtu alidake au liangukie wote. Kundi letu lilikuwa Zyta, mvulana mkimya aitwaye Olgierd, mimi, na mwingine kutoka Chełm ambaye asubuhi ile alipiga simu kwamba ana mafua makali.

"Amekula kona," Zyta alinong'ona koridoni. "Mafua gani, huyo anaogopa."

"Na wewe huogopi?"

"Mimi nimeshakufa tangu jana. Unaongea na mzuka."

Olgierd alicheka kidogo, mimi nikashindwa. Tukaitwa ndani.

Kilikuwa chumba cha Baba. Dokta Kotlarz alikuwa amebadilisha mapazia tu. Mwanamke mwembamba, nywele fupi za mvi, miwani ikining'inia kifuani. Alitutazama, akahesabu, akasema, "Mmoja hayupo. Kaeni." Tukakaa. Kiti cha nne, cha upande wangu wa kushoto, kikabaki kitupu.

Alianza na Zyta, ambaye alijibu kwa kasi mpaka akaambiwa apumue. Olgierd aliulizwa kuhusu deni la taifa, akajibu vizuri kwa sauti ya chini mno. Nilihisi baridi upande wa kushoto. Sikutaka kugeuka. Niligeuka.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha nne, miguu ameinyoosha, sweta lake lilelile, amefumbata mikono kama alivyozoea kukaa mikutanoni. Hapakuwa na sahani, wala chai. Wakati wote nilidhani ni sahani inayomleta. Kumbe ni mimi.

"Bi. Sarnecka," Dokta Kotlarz alisema, akiniita kwa jina la Baba kama linavyotamkwa kwa mwanamke. "Mfuko maalum wa serikali. Je, ni mtu wa kisheria?"

Baba akanisogelea. Mtu aliyekuwa akiwafukuza wanafunzi kwa kupeana majibu, aliinama sikioni mwangu na kunong'ona, "Inategemea."

Nililijua jibu la Baba na nililijua jibu lenyewe. Yote mawili yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikisema inategemea, ninafutwa chuo, na alasiri nitarudi jikoni, naye atakuja. Tutakaa sisi wawili na sheria ambayo hakuna mtu mwingine duniani anaitumia, kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao. Nilitaka hivyo. Siwezi kusema sikutaka. Nilitaka kwa moyo wangu wote, na ningepata.

Lakini alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa tayari umeanza kujivuna. Alikuwa anangoja niwe mwanasheria. Na mwanasheria aliyenilea ndiye aliyeniambia niangalie tarehe.

Nikamgeukia Baba, nikamjibu yeye.

"Hapana," nikasema. "Zamani ilitegemea. Tangu tarehe mosi Januari, hapana. Mfuko maalum wa serikali si mtu wa kisheria. Ni akaunti ya benki, na msimamizi wake ni waziri au chombo kilichotajwa na sheria."

"Nani kasema?" Baba aliuliza. Safari hii alikuwa amenisikia.

"Bunge."

"Lini?"

"Agosti."

"Agosti ipi? Mbona mimi sikuambiwa?"

"Ulikuwa umeshakufa, Baba. Ulikufa Aprili. Tulikuzika Lipowa, mvua ilikuwa inanyesha, na wanafunzi wako wote walikuja."

Aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, namna alivyokuwa akifanya siku chache sana katika maisha yake, pale mwanafunzi alipomsahihisha mbele ya darasa na mwanafunzi akawa sahihi.

"Umeangalia tarehe," alisema. "Vizuri."

Akasimama. Akakigeukia kiti, akainama, na akakipuliza. Akakipuliza kwa nguvu, kama alivyokuwa anafanya mezani kwetu sisi tukicheka. Pazia jipya la dirishani lilitikisika. Baada ya hapo palikuwa na kiti tu.

Olgierd alikuwa anatazama sakafu. Zyta alinishika mkono kupitia nyuma ya kiti cha Olgierd, na mkono wake ulikuwa wa moto kuliko kitu chochote nilichogusa mwezi ule. Dokta Kotlarz alikuwa amevua miwani anaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Jibu lako lilikuwa sahihi mpaka kwenye neno Agosti," alisema hatimaye. "Yaliyofuata sikuyauliza, kwa hiyo siyaandiki." Aliirudisha miwani. "Sasa nitajie taasisi zilizovunjwa na sheria hii, na usilie juu ya meza yangu."

Nilizitaja. Sauti ya Zyta ilikuwa imezipanga zote kichwani, na harufu ya supu juu yake. Aliniuliza jingine, nikajibu, na jingine, nikababaika, nikajikwamua. Alipoandika alama kwenye kitabu changu cha matokeo aliandika nne kati ya tano, akapuliza wino.

"Yeye asingekupa zaidi ya nne," alisema, bila kuniangalia. "Aliyonipa mimi ilikuwa tatu."

Zyta alinikumbatia koridoni mpaka nikakosa hewa. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Nenda kwa mama yako. Bia utanunua kesho, hilo usifikiri nimelisahau."

Nilimkuta Mama nyumbani, saa sita mchana, saa ambayo hakutakiwa kuwepo. Alikuwa amekaa jikoni na koti lake, buti hazijavuliwa, theluji inayeyuka chini yake na kufanya vidimbwi viwili vidogo. Nilivitazama vile vidimbwi kwa muda.

"Umefaulu?"

"Nne."

Alifumba macho, akayafumbua. Kisha akaitazama ile sahani. "Amekwenda?"

Nilivuta kiti nikakaa.

"Nilikuwa naomba ruhusa kutoka mapema," Mama alisema. "Siyo kila siku. Nilikuwa nasimama pale ukumbini, nyuma ya mlango, nasikiliza. Wewe nilikuwa nakusikia, unauliza, unajibu, unacheka. Yeye sikumsikia hata mara moja. Unakaa kimya, halafu unajibu, basi najua hapo katikati ndiyo yeye."

"Mbona hukuingia?"

"Niliogopa nikiingia ataondoka. Na wewe ulikuwa na mtihani."

Akavua glavu zake, akazikunja pamoja, akazikunjua. Mama yangu ni mtu wa kujikaza. Siku ya mazishi ndiye aliyewapikia waombolezaji. Nilimwona anatafuta namna ya kuuliza swali lake, na nililijua kabla halijatoka, na nikawa naogopa, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa baya.

"Aliniulizia?"

Nikafungua mdomo niseme uongo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Baba hakujua malimau yanakaa wapi. Hakuwahi kununua limau maisha yake yote. Mama ndiye aliyenunua, Mama ndiye aliyekata, vipande vinene, akitoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu na kumwekea kwenye glasi bila kuulizwa, asubuhi na jioni, tangu walipooana. Mimi niliyekuwa nachambua kila nukta ya kila kifungu, hilo lilinipita.

"Kila siku," nikasema. "Kitu cha kwanza, kabla ya jambo lolote. Alikuwa anaangalia chai, anasema haina limau."

Mama aliweka mkono mdomoni.

"Na wewe ulikuwa unamjibu nini?"

"Nilikuwa namwambia yamekwisha."

Alisimama, akakipuliza kiti cha dirishani, polepole, akaichukua sahani akaiosha, ingawa ilikuwa safi, akaipangusa na kuirudisha kabatini kati ya wenzake. Kisha akafungua friji na kuvuta droo ya chini kabisa, ile ambayo mimi sikuwa na sababu ya kuifungua. Ilikuwa imejaa malimau. Ya juu yalikuwa mapya, yanang'aa, ya wiki ile. Ya chini yalikuwa yamesinyaa, magumu na ya kahawia, ya tangu Aprili.

"Hayakuwahi kwisha, Bogna," alisema. "Ungeniuliza tu."